Cheti cha Jina Si Cheti cha Alama: Mhadhara kwa Wasindikaji na Wafanyabiashara wa Tanga

Ndugu wafanyabiashara, mama zangu wasindikaji mliotoka Muheza, Pangani na Lushoto, nanyi wenyeji wetu wa hapa Ngamiani, asalaam alaykum na habari za asubuhi. Nimeombwa nizungumzie usajili wa alama za biashara, nami naona ni vyema nianze na jambo linalowachanganya wengi, wakiwemo wale ambao tayari wana cheti ukutani.

Cheti cha jina la biashara, kinachotolewa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, yaani BRELA, huujulisha umma kwamba mtu fulani anafanya biashara kwa jina fulani. Hakimpi uwezo wa kumzuia mwingine asiliandike jina hilo kwenye pakiti yake. Uwezo huo unatokana na sheria nyingine kabisa, Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986, ambayo nayo husimamiwa na BRELA hiyohiyo, na hapo ndipo mkanganyiko unapozaliwa: ofisi ni moja, mfumo wa mtandaoni ni mmoja, lakini vyeti ni viwili na nguvu zake hazifanani. Leseni ya halmashauri, namba ya mlipakodi na alama ya ubora ya Shirika la Viwango, TBS, kila kimoja kina kazi yake, na hakuna hata kimoja kinachoziba pengo hilo.

Watu wa pwani, kwa kweli, hatuna haja ya kufundishwa alama ni nini. Mama anayejua khanga hutafuta kwanza maandishi madogo ya "K.H.E. – Mali ya Abdulla", ya nyumba ya biashara ya Kaderdina Hajee Essak ya Mombasa, ndipo aulizie bei. Maandishi yale hayamwelezi chochote kuhusu pamba wala rangi. Yanamweleza khanga imetoka kwa nani, na kazi ya alama mbele ya sheria ni hiyo, kutofautisha bidhaa ya mmoja na ya mwingine.

Sasa nina hapa pakiti ya viungo ambayo mmoja wenu ameniruhusu niisome mbele yenu. Imeandikwa kwa herufi kubwa nyekundu "Pilau Masala Safi", chini yake "Kutoka Tanga", na pembeni pana picha ya mnazi. Tuulize kila kitu kilichomo kina mwenyewe au hakina. "Pilau masala" ni jina la bidhaa yenyewe, na kila auzaye iliki, mdalasini na bizari nyembamba zilizosagwa pamoja ana haki ya kuiita hivyo. "Safi" ni sifa, na hakuna muuzaji atakayekubali kunyimwa neno la kusifia mali yake. "Tanga" ni ya watu wote wa Tanga. Msajili hawezi kumkabidhi mmoja wetu jina la mkoa mzima ili awafungie wenzake. Mnazi umo kwenye lebo nyingi kiasi kwamba mnunuzi hautazami tena. Kinachobaki pengine ni mpangilio wa michoro na rangi, na hata ukisajiliwa, Msajili anaweza kumtaka mwombaji atamke kwamba hadai haki ya peke yake juu ya yale maneno. Jirani akibadilisha rangi na kuchora mwembe, ndugu yetu hana la kumfanya.

Ninafahamu kwa nini majina ya namna hii yanapendwa: mteja anaelewa mara moja, na kibandani hakuna muda wa maelezo. Hata hivyo nasema waziwazi kwamba kuchagua jina ni kazi nzito kuliko kulisajili. Neno lililobuniwa, au neno la kawaida lisilohusiana na bidhaa, mathalani "Nanga" kwa asali, huchukua muda kuzoeleka, lakini likishazoeleka linalindika. Jina linalodanganya halisajiliki: ukiandika "Iliki ya Amani" ilhali iliki hukuinunua kule Amani ya Muheza bali kwingine, umempotosha mlaji.

Jambo la pili ni makundi. Bidhaa na huduma zote zimegawanywa katika makundi 45 ya kimataifa, 34 ya bidhaa na 11 ya huduma, na ulinzi wako hujengwa juu ya kundi uliloomba. Mama wa Pangani anayekamua mafuta ya nazi huuza chupa ileile kwa wapishi na kwa wanaojipaka. Mafuta ya kupikia yako kundi la 29, ya kujipaka yako kundi la 3, na hayo ni maombi mawili yenye ada mbili. Viungo, asali na chumvi ya kula viko kundi la 30, matunda mabichi kundi la 31, mgahawa kundi la 43.

Utaratibu wenyewe hautishi. Unafungua akaunti kwa namba ya kitambulisho cha taifa, unatafuta kama kuna alama inayofanana na yako, unaweka picha ya alama na orodha ya bidhaa, unalipa. Msajili akiridhika, alama hutangazwa katika jarida rasmi, na mwenye pingamizi ana siku 60. Usajili hudumu miaka 7 tangu siku ya kuomba, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara.

Vikundi vya akina mama naviomba viwe waangalifu zaidi kuhusu jina la mmiliki. Alama ikiandikwa kwa jina la mwenyekiti kwa sababu ndiye aliyekuwa na kitambulisho siku ile, alama ni yake, na akijitoa anaondoka nayo. Kwa hiyo kikundi kipate kwanza usajili wake chenyewe. Nanyi mnaopeleka mali Pemba na Unguja kumbukeni kwamba cheti cha BRELA kinaishia Bara. Zanzibar ina Sheria yake ya Mali za Viwanda ya mwaka 2008 na wakala wake wa usajili, na ukivuka Horohoro kwenda Kenya, huko nako kuna daftari jingine.

Nimalizie na swali nililoletewa kwenye karatasi: afanye nini mtu ambaye jina lake limeombwa na mwingine? Ikiwa siku 60 hazijapita, awasilishe pingamizi. Ikiwa limekwisha kusajiliwa lakini halikutumika kwa miaka 3 mfululizo, anaweza kuomba liondolewe. Bidhaa ikiwa ni bandia kabisa, Tume ya Ushindani ina mamlaka ya kuikamata chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, lakini itamuuliza mlalamikaji cheti. Asiye na cheti hubakiwa na njia ya mahakamani, ya kuthibitisha kwamba wateja walimjua kwa alama ile na sasa wanapotoshwa, na huko atatakiwa kuleta ushahidi: ankara za mchapaji wa lebo, pakiti za zamani, risiti zenye tarehe na wateja walio tayari kusimama kizimbani.