Fegi na stresi: mazungumzo ya asubuhi pale Mwaloni

Mwangaluka jamani. Naona wengine ndo mmetoka ziwani saa hizi, usingizi bado uko machoni, sitawachelewesha maana dagaa hawamsubiri mtu.

Nimepita pale dukani, kiberiti kimefungwa kamba kwenye nondo za dirisha, nimesimama kidogo tu watu saba wamewasha sigara, na kila niliyemuuliza jibu moja, "natoa stresi". Simbishii mtu, mi mwenyewe nimevuta miaka 11, ile pafu ya kwanza mabega yanashuka kabisa. Nikotini inafika kwenye ubongo ndani ya sekunde 10 hadi 20 hivi, inafungulia dopamini, ile kemikali ya ubongo inayokupa raha.

Sasa baada ya masaa kama 2 nusu ya ile nikotini imeshatoka kwenye damu, na ubongo ulishazoea kwahiyo unaanza kudai, ndo arosto hiyo, hasira za bure, wasiwasi, mikono haitulii, unamfokea dogo wa watu kisa kamba ya taa imejifunga. Unawasha nyingine, unatulia, unasema fegi imenitoa stresi. Stresi ipi? Sehemu kubwa uliletewa na ile uliyovuta saa nane usiku! Umetoboa mtumbwi mwenyewe afu unalisifia kopo la kuchotea maji.

Sisemi mawazo yote yanatoka kwenye sigara, hapana, mkopo wa injini ni mkopo wa injini. Na wenye sonona wanavuta zaidi kuliko wengine, kipi kilimleta mwenzie wataalamu bado wanabishana, mi naona ni vyote. Ila mwaka 2021 watafiti wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopitia tafiti za afya, walikusanya tafiti 102, watu zaidi ya 169,000, wakaangalia walioacha kuanzia wiki 6 na kuendelea: wasiwasi, sonona, stresi, vyote vimepungua kuliko kwa walioendelea kuvuta. Wiki mbili tatu za mwanzo ni moto, siwadanganyi, hapo ndo wengi wanarudi wakidhani bila fegi watachizi, kumbe ni arosto inaaga.

Afu mama zangu mnaouguza, hili lenu. Moshi wa sigara unalifanya ini lisage haraka baadhi ya dawa za akili, kama clozapine na olanzapine. Mgonjwa akiacha kuvuta ghafla, dozi ileile inaweza kumzidi, asinzie hovyo. Asiache dawa, ila daktari aambiwe siku hiyohiyo.