Mwili Uliousiwa Sayansi Huenda Wapi?

Mabibi na mabwana, wazee wetu, na ninyi vijana mliojaa huko nyuma, hamjambo.

Nimeombwa nieleze kinachoupata mwili wa mtu aliyeusia upelekwe chuo cha udaktari. Mimi nafundisha anatomia, yaani elimu ya maumbile ya mwili, hapa Nairobi, kwa hiyo nitasema waziwazi. Aliye na msiba nyumbani, akaona mambo haya ni mazito kwake leo, na atoke bila kuomba ruhusa.

Tuanze na mikono yenu. Laza mkono, kiganja kitazame juu. Gusanisha kidole gumba na kidole cha mwisho, kisha ukunje kidogo kifundo cha mkono. Wengi mtaona kano nyembamba imesimama katikati ya kifundo. Wengine hamna, au mnayo upande mmoja tu. Si ugonjwa, mmezaliwa hivyo. Mpasuaji akihitaji kano ya kuunga nyingine iliyokatika, mara nyingi huchukua hiyo, maana mkono hufanya kazi vizuri bila hiyo. Kitabu huchora mkono mmoja. Ndani ya watu, ateri (mshipa unaopeleka damu) ya kibofu cha nyongo hupita njia tofauti tofauti, na kwa takriban mtu 1 kati ya 500 figo mbili huwa zimeungana kwa chini. Daktari asiyejua hilo atakata asichokusudia. Wanafunzi wangu hujifunza haya kwa sababu kila meza ina mtu wake, na hakuna wawili walioumbwa sawasawa.

Sasa safari yenyewe. Mtu akifariki, lazima jamaa waharakishe, kwa kuwa mwili huanza kuharibika mapema. Chuo kinaweza kuukataa: wa mtu aliyeumia vibaya barabarani, aliyekwisha kupasuliwa ili kutafuta chanzo cha kifo, aliyekuwa na maambukizi kama kifua kikuu au homa ya ini, au aliyecheleweshwa. Ndiyo maana anayeusia mwili wake awe pia na mpango wa mazishi ya kawaida.

Ukipokewa, fundi hufungua ateri kubwa, ya paja au ya shingo, na kuingiza dawa taratibu: fomalini, alkoholi, fenoli, glaserini. Dawa hufuata njia zilezile za damu mpaka kwenye ncha za vidole. Kazi ya fomalini ilijulikana mwaka 1893, daktari Mjerumani Ferdinand Blum alipokuwa akiijaribu kuua vijidudu, akaona ngozi ya vidole vyake mwenyewe imekuwa ngumu. Inafanya hivyohivyo kwa mwili mzima: hukaza protini, bakteria wakakosa pa kuanzia. Rangi hufifia, viungo hukakamaa. Mwaka 1992 Walter Thiel wa Graz, Austria, alichapisha dawa nyingine inayoacha viungo vikiwa laini, nayo huwafaa wapasuaji wanaofanya mazoezi. Baada ya hapo mwili hupewa namba, jina likabaki katika kumbukumbu za chuo, na huweza kukaa miezi kabla mwanafunzi hajauona.

Siku ya kwanza ukumbi wa upasuaji huwa kimya. Kupasua kifua huwa hakuwasumbui wanafunzi sana. Wakifika mikononi, ndipo wengine huomba kutoka nje, hasa wakikuta kucha zina rangi iliyobaki. Siwazuii. Nafundisha kwamba kinachotolewa kwa mtu hubaki na mtu huyo, hata kikiwa kipande kidogo cha mafuta, ili mwisho wa masomo azikwe au achomwe akiwa na vyote vyake. Katika nchi nyingi zenye utaratibu wa kuusia, jamaa hukabidhiwa majivu.

Si wote wanaoishia mezani. Huko Knoxville, Marekani, William Bass alianzisha mwaka 1981 kiwanja ambapo miili huachwa wazi, jua na mvua viifikie, na watafiti huandika inavyobadilika. Polisi wanapokadiria mtu aliuawa lini, hutegemea kazi za namna hiyo.

Sasa nifike kwenye jambo lililonileta. Katika nchi nyingi za Afrika, yetu ikiwemo, miili mingi ya kufundishia ni ya watu ambao hakuna aliyekwenda mochari kuwachukua. Hawakuulizwa. Mwaka 1828 huko Edinburgh, Burke na Hare waliwaua watu 16 na kumuuzia mwanaanatomia mmoja maiti zao. Bunge la Uingereza likatunga sheria mwaka 1832, na dawa yake ikawa kuwapa madaktari maiti za maskini waliokufa bila jamaa wa kuwadai. Fikra hiyo tuliirithi, na bado tunaiishi. Mimi naona si haki udaktari wa taifa zima ujengwe juu ya wasio na mtu, ilhali sisi tulio na jamaa, kamati za mazishi na michango hatujajitolea.

Sheria haituzuii. Sheria ya Afya ya 2017 inamruhusu mtu kuutoa mwili wake kwa wosia, kwa hati iliyotiwa sahihi mbele ya mashahidi wawili, au hata kwa kauli mbele ya mashahidi wawili. Lakini wazee mnaikumbuka kesi ya wakili S. M. Otieno. Mkewe Wambui alisema marehemu alitaka kuzikwa huku, ukoo ukasema azikwe kwao Nyalgunga, Siaya. Mwili ulikaa mochari zaidi ya miezi mitano, na Mei 1987 ukoo ukamzika Nyalgunga. Kwa hiyo usifiche hati kabatini. Waite ndugu zako ungali na nguvu, waambie, wagombane nawe ukiwepo.

Dini nazo zizungumzwe. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inakubali maiti kuchunguzwa kwa ajili ya sayansi. Waislamu wana hadithi kwamba kuuvunja mfupa wa maiti ni kama kumvunja aliye hai, na wanazuoni wametofautiana, baadhi wakiruhusu pakiwa na dharura ya elimu. Muulize sheikh wako, muulize padri wako, usiniulize mimi.

Mimi nimeandika yangu. Dada yangu mkubwa alikataa kwanza, akauliza matanga yatakaliwaje bila jeneza. Tulikubaliana ibada ifanyike wiki ileile, na majivu yakipatikana yapelekwe nyumbani, yazikwe karibu na baba. Yeye ndiye shahidi wa kwanza kwenye hati.

Sasa maswali. Mpelekeeni kipaza sauti yule mama wa mstari wa pili, ameinua mkono muda mrefu.