Kazi Mbichi Haianikwi Mtandaoni

(Mhadhara kwa vijana wachongaji, wachoraji na wanamuziki, Mtwara mjini)

Wanangu, wadogo zangu, asanteni kwa kuja na joto lote hili. Walionisikia Newala na Masasi wanajua ninachokuja kusema. Nitakisema tena, maana kila nikipita kwenye vibanda vyenu nakuta simu imesimamishwa mbele ya gogo la mpingo kabla hata tezo halijagusa mti. Kazi ambayo haijakwisha isionekane na asiyehusika. Hilo ndilo neno langu, na leo nalipigilia msumari.

Aliyetufundisha hilo ni lipiko, kinyago cha kuvaliwa kichwani katika ngoma ya Wamakonde. Wengi wenu mlilikimbia utotoni, kwa hiyo sielezi zaidi. Nawauliza lilichongwa wapi. Lilichongwa porini, mbali na njia, na mwanamke au mtoto ambaye hajapita jando hakuruhusiwa hata kuchungulia. Fundi anachukua mti mwepesi, anauchimba ndani mpaka kichwa cha mchezaji kiingie, anatoboa macho, anatia chale za nta mashavuni, anabandika nywele za binadamu. Muda wote huo hakuna wa kumpigia makofi. Akikosea pua, ameikosea peke yake. Anairekebisha, au analitupa gogo na kuanza upya, na kijijini hakuna anayejua. Siku ya ngoma ndipo lipiko linaingia uwanjani. Watoto mbio, vigelegele juu, na fundi yumo kwenye umati anasikiliza. Jibu la watu linamfikia kazi ikiwa imeshakamilika, haliwezi tena kuusukuma mkono wake huku wala kule.

Najua kuna anayetaka kuniambia, mwalimu, ile ilikuwa siri ya jando, haikuwekwa kwa ajili ya sanaa. Nakubali kabisa. Lakini siri hiyo ilimkinga fundi hata kama haikuwekwa kwa ajili yake. Wewe leo nani anakukinga?

Kuna kijana hapahapa mjini, sitamtaja, mkono wake ni wa ajabu. Alianza kinyago cha ujamaa, watu wamebebana kutoka chini mpaka juu. Akaposti video fupi: tezo linapiga, ganda jeupe linaruka, weusi wa mpingo unajitokeza. Video ikapaa. Usiku kucha simu inaita. Kesho yake hakurudi kwenye kinyago kile. Alitafuta gogo jingine, ili ganda jeupe liruke tena, kwa sababu hicho ndicho watu walichokipenda. Nilipomtembelea nilikuta magogo yameegemezwa ukutani, kila moja lina kichwa na shingo, chini yake mti mtupu. Mengine yameshapasuka ncha kwa jua. Mpingo unachukua miaka 70 na zaidi mpaka kufaa kuvunwa, na yule anaumaliza kwa video ya sekunde 30! Niliumia sana.

Msiniambie ni mvivu. Anaamka kabla ya adhana. Tatizo ni kwamba alishalipwa. Raha ambayo ingemngoja mwisho wa kazi ilimfikia kazi ikiwa bado shingoni, na baada ya hapo nini cha kumvuta mpaka miguuni?

Watafiti watatu wa Marekani, Lepper, Greene na Nisbett, waliliona jambo hili mwaka 1973 kwa watoto wa shule ya awali waliopenda kuchora kwa kalamu za rangi. Baadhi waliahidiwa cheti kizuri wakichora, wengine walipewa cheti bila kuahidiwa, wengine hawakupewa kitu. Baadaye kalamu zikawekwa mezani, kila mtoto yuko huru. Wale walioahidiwa walizigusa kwa muda kama nusu tu ya wenzao. Waliopewa kwa kushtukiza hawakupoteza hamu. Sikilizeni hapo: zawadi haikuwadhuru. Kilichowadhuru ni kuchora huku wakiisubiri. Na laiki, wanangu, mnaisubiri kila dakika.

"Mwalimu, tutakula nini?" Swali halali, na simchukii anayeliuliza. Zamani mchongaji wa huku ili auze ilimbidi afunge mizigo mpaka soko la vinyago la Mwenge, Dar es Salaam. Leo mteja wa Arusha anaiona kazi yako ukiwa umekaa Mikindani. Iposti basi! Imekwisha, umeipiga msasa, inang'aa, weka picha, weka bei, weka namba ya simu. Huko ni kuuza, na nitakusaidia kupiga picha.

Lakini usiuachie umati uamue uchonge nini kesho. Samaki Likankoa alipoanza mtindo wa shetani, vinyago vya viumbe wa ajabu, mwishoni mwa miaka ya 1950, vinyago vile havikuwa na mfano sokoni. Aliyempa moyo ni mtu mmoja, Mohamed Peera, mfanyabiashara wa vinyago pale Dar es Salaam. Jicho moja linalojua linatosha kumtia mtu nguvu. Mtafuteni mzee mmoja au mwenzenu mmoja asiyeogopa kuwaambia ukweli, mumwonyeshe huyo.

Naona naambiwa muda. Haraka basi: tangu 2021 Instagram inakuruhusu kuficha hesabu ya laiki, na nikitoka hapa nataka hesabu hiyo iwe imefichwa kwenye simu zote. Wanamuziki, na nyie vilevile. Kipande cha kiitikio unachokirusha kabla ubeti haujaandikwa ni gogo lenye shingo tu. Wizi wa michoro na usajili wa COSOTA, ofisi ya hakimiliki, nilikuwa nimeuandaa, hautatosha leo, niulizeni nje.

Sasa aliyekuja na kazi iliyokwisha ambayo hajaiposti popote, ailete hapa mezani tuitazame. Simu ziwe mifukoni.