Mnaniita Muongo: Mbunge wa California na Kiinua Mgongo Asichokipata

Haya jamani, habari zenu. Msishangae kuniona ndani ya gari, hilo nitalifikia. Tangu ile video niliyosema mbunge wa jimbo hapa California akimaliza muda wake anaondoka bila kiinua mgongo, sijapumzika. "Dada muongo." "Dada umeenda kubeba maboksi umegeuka mchambuzi." "Taja mbunge mmoja." Haya, leo nataja. Na kabla hamjaanza, sijaja kuringa kwamba niko kwa wenye akili, wala sijaja kulia. Nikisifu mnasema najishaua, nikilalamika mnasema rudi nyumbani. Sasa sijui mnataka nini.

Anaitwa Fran Pavley. Mimi nalea bibi mmoja mgonjwa upande wa Agoura Hills, mji mdogo nje ya Los Angeles, na huyu mama ndiye aliyekuwa meya wa kwanza wa mji huo ulipoanzishwa 1982. Kazi yake ilikuwa ualimu. Si ule ualimu wa kupita njia ukisubiri uteuzi, hapana. Alifundisha watoto wa miaka kumi na mbili, kumi na tatu, zaidi ya miaka 25. Wenye watoto wa umri huo mnajua huo ni mtihani kuliko bunge.

Ngoja, jambo moja, maana kila mara mnachanganya. Nikisema jimbo sisemi jimbo la uchaguzi kama huko kwetu. California ni jimbo lenye watu karibu milioni 39, na lina bunge lake lenyewe kule Sacramento: wabunge 80 bunge la chini, maseneta 40 bunge la juu, yaani Seneti. Kwa hiyo seneta mmoja ana watu karibu milioni mgongoni. Wakenya msije kuniandikia "kumbe ni MCA", yule mjumbe wa bunge la kaunti. Siyo MCA.

Sasa hela, maana najua ndicho mlichokijia. Mshahara wanapata, na ni mzuri, unazidi dola 100,000 kwa mwaka. Posho ya siku za vikao ipo pia, sifichi. Lakini mshahara hawajipangii wao. Kuna tume inayoupanga, na 2009 uchumi ulipoyumba tume hiyo ikaukata kwa asilimia 18. Pavley alikuwa hajamaliza hata mwaka kwenye Seneti! Na kiinua mgongo, yaani malipo ya baada ya ubunge, ni hivi: mwaka 1990 wananchi walipiga kura wenyewe, kitu kinaitwa Proposition 140, wakafuta pensheni ya ubunge kwa wanaoingia na kuweka ukomo. Miaka 6 chini, miaka 8 juu, basi, hata kama watu wanakupenda vipi. Baadaye, 2012, wakabadilisha ukomo ukawa miaka 12 jumla. Pensheni haikurudi. Sasa aliyeniita muongo aje hapa chini aombe radhi, sina haraka.

Pavley aliingia bunge la chini uchaguzi wa 2000. Hesabu mwenyewe: kwa ukomo ule ana miaka sita tu ya kukaa. Mgeni kabisa, na akachukua muswada ambao wakongwe walikuwa wanauona kama kaa la moto. Ulitaka magari mapya yapunguze gesi zinazopasha dunia joto. Hakuna jimbo la Marekani lililokuwa limewahi kutunga sheria ya namna hiyo. Wauza magari wakamwaga matangazo redioni na kwenye TV kwamba huyu mama anataka kuwanyang'anya magari yenu makubwa, anataka kuwatoza kodi. Ndipo wakaandika ndani ya sheria yenyewe kwamba bodi ya hewa, ile ya jimbo inayosimamia uchafuzi wa hewa, hairuhusiwi kuweka kodi mpya ya magari, hairuhusiwi kupiga marufuku aina fulani ya gari, wala kushusha spidi barabarani. Yaani kila uongo wa kwenye tangazo wakaufunga kwa kifungu. Bunge la chini ukapita kwa kura 41. Wabunge 80, kura 41, ingepungua moja tu umekufa. Gavana Gray Davis akasaini Julai 2002.

Mkadhani imeisha? Wapi. Karatasi! Serikali kuu inaruhusu California kuwa na viwango vyake vya moshi wa magari, ila lazima kwanza iombe kibali Washington. Desemba 2007 wakanyimwa. Utawala wa Obama ulipoingia ndipo wakapewa, Juni 2009. Miaka saba tangu isainiwe, na huyo ni jimbo zima lenye mawakili. Mimi nikisubiri kibali cha kazi miezi kumi na moja, mnaniambia sina uvumilivu. Hata hivyo mama aliona matunda, maana viwango vya nchi nzima vya magari ya kuanzia 2012 vilifuata ile njia ya California. Ingawa mvutano haujaisha, Juni 2025 Trump amesaini kuifutia California kibali cha sheria yake nyingine, ya kusitisha mauzo ya magari mapya ya petroli ifikapo 2035.

Mwaka 2006 akatoa nyingine kubwa akiwa na Spika Fabian Núñez, inaitwa AB 32: jimbo lote lirudi kwenye kiwango cha gesi cha 1990 ifikapo 2020. Aliyesaini ni Schwarzenegger, ndiyo, yule yule mwenye misuli, na ni wa chama pinzani. Lengo lilifikiwa 2016, miaka minne mapema. Ila mwenye sheria, 2006 hiyo hiyo ukomo ukamfikia, akakaa nje miaka miwili mpaka kiti cha Seneti kikawa wazi.

Kwenye Seneti mimi kilichonigusa ni maji. 2014, ukame umekolea, alikuwa mmoja wa waliotunga sheria ya maji ya chini ya ardhi. Kabla ya hapo sehemu nyingi mwenye shamba alivuta maji anavyotaka, mpaka ardhi inadidimia na visima vya majirani vinakauka. Niliposoma hayo nikakumbuka kisima changu cha Dodoma. Nilituma pesa awamu tatu. Naletewa picha ya shimo, shimo lenyewe si la kwetu, na picha ile ile imetumwa mara mbili! Ndugu yangu, unajijua. Tuendelee.

Sisemi ni malaika. 2013 alipitisha sheria ya kusimamia uchimbaji wa mafuta wa kupasua miamba, na wanamazingira wengine wakamkasirikia, wao walitaka upigwe marufuku kabisa. 2016, mwaka wa mwisho, akapitisha SB 32, asilimia 40 chini ya kile kiwango cha 1990 ifikapo 2030. Akatoka. Baadaye akaenda kufanya kazi kwenye taasisi ya Schwarzenegger pale chuo kikuu cha USC.

Sasa hili gari. Kuna mtu kaandika, "huyo Pavley wako ndiye anayekuzuia kusajili kigari chako." Hapana. Gari la petroli kama hili langu hapa linapimwa moshi kila baada ya miaka miwili ndipo usajili upite, na upimaji huo upo tangu 1984, mama wa watu alikuwa darasani. Sheria yake ilimbana mtengenezaji, siyo mimi. Mimi nimebanwa na taa ya injini, ikiwa inawaka hupiti kipimo. Fundi alichomoa betri ikazimika, akachukua hela yake. Nikaenda kupima nikakataliwa, kumbe kompyuta ya gari imefutika kumbukumbu, niendeshe siku kadhaa ndipo nirudi. Huku usajili umepita tarehe, faini inaongezeka, na stika yangu ya mwaka jana inaonekana kutoka mbali, siyo kama zile za nenda kwa usalama huko. Kwa hiyo naendesha tu, sina ninakokwenda, nachoma mafuta ili nithibitishe kwamba sichafui hewa.

Anayeuliza akija huku anunue gari kuukuu au akope jipya: kwangu mimi, na narudia kwangu mimi, kuukuu limenipa nafuu kuliko mkopo. Wewe una kipato chako na mambo yako. Usije ukanidai.

Ngoja niwashe tuone. Subiri... subirini. Taa imewaka tena. Jamani, imewaka tena.