Macaulay Hakusema Hayo, Alisema Mabaya Zaidi

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, na nyinyi vijana mliojibanza karibu na mlango mpate njia ya kutorokea: asalaam aleikum, na habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie maisha ya Thomas Babington Macaulay, mbunge, waziri na mwandishi wa historia ya Uingereza. Nimepewa dakika 40. Za mwanzo naziiba kwa jambo langu, na wanaonijua wameshaanza kucheka.

Juzi nimeletewa tena. Safari hii ni shemeji yangu, mtu mzima, mstaafu, kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Picha ya mzungu, na chini yake maneno: ati Lord Macaulay alilihutubia Bunge la Uingereza tarehe 2 Februari 1835, akasema amezunguka Afrika urefu na upana, hakuona ombaomba hata mmoja, wala mwizi. Watu wa namna hiyo, ati alisema, hawatatawalika mpaka uvunjwe uti wao wa mgongo, yaani dini na utamaduni wao. Ukoo mzima ukajaza mikono ya dua.

Haya, twende polepole. Tarehe 2 Februari 1835 Macaulay alikuwa Calcutta. Kiti chake cha ubunge cha Leeds alikiacha mwaka uliotangulia, akapanda meli kwenda India kuwa mjumbe wa sheria kwenye baraza la Gavana Mkuu, kwa mshahara wa pauni 10,000 kwa mwaka. Kutoka huko hadi London ni miezi baharini. Alihutubiaje Bunge, kwa Zoom? Hata huo u-Lord hakuwa nao. Aliupata mwaka 1857. Na Afrika imeingiaje? Maneno haya yalizagaa kwanza kwa Wahindi, yakisema "nimezunguka India". Kuna fundi wetu mmoja kafuta India kaandika Afrika, akaona kazi imekwisha. Tarehe kaiacha vilevile!

Nikayaandika yote haya kwenye kundi. Shemeji akajibu: "Mwalimu, hata kama hakuyasema, ndivyo walivyofikiri."

Hapo ndipo damu inaponichemka. Sivyo alivyofikiri! Mwaka 1841, katika insha yake juu ya Warren Hastings, aliyewahi kuwa Gavana Mkuu wa Waingereza huko India, Macaulay aliandika kwamba kile ambacho pembe ni kwa nyati na mwiba ni kwa nyuki, ndicho hila ilivyo kwa Mbengali. Mtu huyo ndiye atembee India nzima asione mwizi? Yule wa WhatsApp anatuogopa kwa sababu tu bora, na ndiyo maana tunampenda, tunamsambaza. Macaulay wa kweli hakumwogopa mtu. Alidharau, tena kwa ufasaha, na dharau yake tunaiona nzito kuisoma. Ni rahisi kumgombeza mtu kwa neno ambalo hakulisema. Anayekujua atakuumbua kwa dakika moja, na hoja yako nzuri inazikwa pamoja na uongo wako.

Tarehe yenyewe ni ya kweli. Siku hiyo aliandika waraka. Sheria ya mwaka 1813 ilikuwa imetenga rupia laki moja kwa mwaka kwa ajili ya elimu, na kamati iliyohusika ikagawanyika nusu kwa nusu: hawa wanataka fedha ziendelee kwenye Sanskrit na Kiarabu, wale wanataka Kiingereza. Macaulay, ambaye hajatimiza hata miezi minane tangu ashuke bandari ya Madras, India, akaamua kesi. Anaanza kwa kukiri kwamba hajui Sanskrit wala Kiarabu. Kisha anaandika kwamba rafu moja tu ya maktaba nzuri ya Ulaya ina thamani kuliko maandishi yote ya India na Uarabuni, na kwamba hata miongoni mwa wataalamu wa lugha hizo hakumwona wa kulikana hilo. Anataka litengenezwe tabaka la watu ambao damu na rangi ni Wahindi, ila ladha, maoni, maadili na akili ni Waingereza. Mwezi uliofuata Gavana Mkuu Bentinck akapitisha.

Someni tena sehemu ile ya kwanza: lugha siijui, hukumu ninayo.

Mwaka huohuo, hapa hapa Mombasa, Muyaka bin Haji alikuwa hai, mashairi yake yako midomoni mwa watu. Huko Pate, Utendi wa Tambuka ulikuwa umekwisha kuandikwa tangu 1728, kwa herufi hizohizo za Kiarabu. Bila Mwalimu Sikujua kuyakusanya mashairi ya Muyaka kutoka kwa wazee walioyahifadhi, mengi leo tusingekuwa nayo. Nauliza: yangekaa kwenye rafu gani? Macaulay hakuyakataa baada ya kuyasoma. Hakujua kama yapo.

Kuna atakayesema, mtu mwenyewe alikuwa mjinga tu wa zama zake. Laiti! Alikuwa msomaji wa kutisha. Kule Calcutta alifiwa na dada yake Margaret, aliyebaki nyuma Uingereza, na dada mwingine, Hannah, aliyesafiri naye, akaolewa na Charles Trevelyan. Macaulay mwenyewe hakuoa maisha yake yote. Dada hao ndio waliokuwa nyumba yake. Akajifungia na Wagiriki na Warumi alfajiri kwa alfajiri, na mwenyewe aliandika kwamba vitabu ndivyo vilivyomwokolea uhai na akili yake. Mtu aliyeokolewa na kitabu! Lakini hakuwaza kwamba kuna mjane wa Lucknow au wa Lamu anayeliwazwa vilevile na shairi.

Mwingine atasema, na wewe mwalimu umesomea Kiingereza, unalalamika kwa nini? Nimesoma, ndiyo, na Historia ya Uingereza aliyoiandika Macaulay nimeisoma usiku kucha, na ni tamu. Utamu ndio shida. Juzuu mbili za kwanza zilitoka mwishoni mwa 1848, mbili nyingine 1855, na mwaka 1856 wachapishaji wakamkatia hundi ya pauni 20,000. Anaanza na kutawazwa kwa James wa Pili mwaka 1685, alikusudia kufika karibu na enzi zake, akaishia kwa William wa Tatu. Sura ya tatu, inayoonyesha Uingereza ilivyokuwa mwaka ule, barabara zake, nyumba za kahawa, mishahara, kila mwanafunzi wa historia humu na aisome. Ila hadithi yote inateremka kama maji mtaroni kuelekea mahali pamoja: chama chake, Whig, na watu wa namna yake.

Na akikosea harudi nyuma. Alimtuhumu William Penn, yule mwanzilishi wa Pennsylvania, wa madhehebu ya Kikristo ya Quaker, kwamba alikuwa dalali wa kuwakamua fedha wazazi wa wasichana wa shule wa Taunton, waliowaunga mkono waasi dhidi ya James wa Pili. Barua ya kumpa mtu kazi hiyo imeandikwa "Mr Penne", na yaelekea ni George Penne, mtu mwingine kabisa. Quaker walimwendea nyumbani mwaka 1849 kumweleza. Hakulifuta. Mnaona anavyofanana na shemeji yangu?

Mwenyekiti ananionyesha saa. Basi mengine nayakimbiza. Baba yake, Zachary, alipigana na biashara ya utumwa na aliwahi kuwa gavana Sierra Leone. Hilo lingetaka mhadhara wake peke yake. Mwaka 1830 Macaulay mwenyewe aliingia Bungeni kwa Calne, jimbo lililokuwa mfukoni mwa Lord Lansdowne, kisha akasimama kutetea mageuzi dhidi ya majimbo ya namna hiyohiyo. Akalikata tawi alilokalia. Wapiga kura wa Edinburgh walimwangusha 1847, wakamrudisha 1852 bila yeye kuomba kura. Churchill, aliyekariri mistari 1,200 ya mashairi yake akiwa shuleni Harrow, alikuja kuandika juzuu nne kumtetea babu yake wa kale, jemadari Marlborough, dhidi ya tuhuma za Macaulay.

Mawakili msiondoke! Rasimu ya Kanuni ya Adhabu ya India ya 1837 ni kazi yake. Ilipitishwa 1860, yeye keshakufa, ikavuka bahari, ikahukumu watu wa Kenya na Tanganyika mpaka 1930. Mle ndani kuna mfano wa wizi: A anatia chambo mfukoni ili mbwa wa Z amfuate. Kwa hiyo babu zetu walihukumiwa kwa sheria yake kabla hata hatujalisikia jina lake, na hilo halina uongo ndani yake, mngelisambaza hilo.

Alifariki tarehe 28 Desemba 1859, kwenye kiti chake cha maktabani, kitabu kiko wazi mezani.

Haya, maswali. Naona shemeji yangu yuko mstari wa tatu na ameshanyoosha mkono. Mpeni kipaza sauti, lakini simu aiweke chini.