Tone Halisogezwi na Pumzi Peke Yake

Walimu wenzangu, respiromita, kifaa cha kupima upumuaji wa viumbe, mnakijua, sitakichora ubaoni. Mbegu zinazoota au funza ndani ya neli, hidroksidi ya potasiamu ya kunyonya kabonidioksidi, mrija mwembamba wenye tone la maji ya rangi. Kiumbe anatumia oksijeni, tone linasogea kumwelekea. Hapo hatuna ugomvi. Ugomvi wangu, na walionisikia mara ya mwisho wanivumilie, ni neli ya pili, ile ya kulinganishia, yenye shanga za kioo badala ya kiumbe hai, ambayo wengi wetu tunaiacha kabatini.

Kuna kijana nilimpa mbegu zilizochemshwa, zimekufa kabisa. Akaniletea daftari: tone limeingia ndani milimita 60 kwa dakika tano, kisha likasimama. Nikamwambia afute, hajui kusoma rula. Hakufuta. Akaishika neli kiganjani, vilevile alivyoishika alipokuwa akikaza kizibo, akafunga koki inayopitisha hewa ya nje, akaiweka mezani. Tone likaanza kutembea mbele ya macho yangu. Mbegu mfu zinapumua!

Hebu tupige hesabu. Neli ina hewa sentimita za ujazo 30, katika nyuzi joto 27, yaani kama 300 kwa kipimo cha kelvini. Ikipoa kwa nyuzi 1 tu, hewa hiyo inapungua kwa 1/300, yaani milimita za ujazo 100. Kwenye mrija wenye kipenyo cha ndani cha milimita 1, tone litasafiri milimita 127 hivi. Kijana alikuwa amesoma rula sawasawa. Nusu digrii ya kiganja chake ilitosha, na mimi nilitaka aufute ukweli.

Najua kuna atakayesema: kipindi ni dakika 40, neli ya pili itanila muda. Muda gani? Inakaa kwenye beseni lilelile la maji, wakati uleule, koki zote wazi kwa dakika 10 za kwanza. Mwingine atasema: mimi nina beseni, joto halibadiliki, shanga za nini? Na mgandamizo wa hewa chumbani je? Maji hayauzuii. Neli ya shanga ndiyo itakayokuonyesha.

Ila shanga ziwe na ujazo sawa na mbegu. Ujazo, si uzito! Nimeona watu wakizipima kwenye mizani. Kioo ni kizito, kwa hiyo shanga za gramu 10 huchukua nafasi ndogo, hewa inabaki nyingi, na neli hizo mbili hazilinganishiki tena. Tumbukizeni mbegu kwenye silinda ya kupimia yenye maji, tazameni maji yamefika wapi. Zitoeni, rudisheni maji yalipokuwa, kisha tieni shanga mpaka yafike hapohapo. Tone la shanga likiingia ndani milimita 4, toeni 4 kwenye kipimo cha mbegu. Likitoka nje 4, ongezeni 4.

Muda umenibana. Hidroksidi inaunguza: wekeni wavu, funza wasiiguse, na somo likiisha warudishwe walikotoka wakiwa hai. Matokeo yaandikwe kwa kila gramu kwa kila saa. Uwiano wa kabonidioksidi kwa oksijeni nilikusudia kuueleza, nauacha.

Sasa njooni mbele, wawili wawili. Neli zishikwe kwa kibanio, na koki zibaki wazi mpaka niseme.