Mkato Mmoja, Marobota Mangapi?

Assalaam aleikum, hamjambo nyote. Ahsanteni walimu na makarani mlioacha shughuli zenu za Jumamosi mkaja hapa Ngamiani kwa ajili ya vialama vya uandishi wa Kiingereza.

Nianze na barua. Nilipokuwa karani wa mizigo hapa Tanga, ilinijia karatasi yenye maneno haya: "Release the bales, which have been inspected." Ghala limejaa marobota ya mkonge. Mengine niliiona chapa ya ukaguzi, mengine sikuiona. Nikasoma Kiswahili ndani ya Kiingereza: toa marobota yaliyokaguliwa. Nikatoa yenye chapa tu. Meli ikang'oa nanga, mzigo uliobaki ukalala ghalani.

Ule mkato, au koma kama wengine mnavyoiita, ulisema jambo jingine: toa yote, nayo yamekwisha kukaguliwa. Kiswahili hubeba tofauti hii ndani ya maneno yenyewe. "Yaliyokaguliwa" huchagua, "nayo yamekaguliwa" hueleza tu. Kiingereza kinaweza kutumia "which" kwa yote mawili, kazi ya kutenganisha kikauachia mkato. Ndiyo maana "my brother who lives in Pangani" ni yule wa Pangani kati ya ndugu zangu kadhaa, lakini "my brother, who lives in Pangani," ni ndugu yangu wa kiume wa pekee.

Wenye lugha yao nao hukwama. Katika jimbo la Maine, Marekani, madereva wa kampuni ya maziwa walidai malipo ya saa za ziada. Sheria ilitaja kazi zisizo na malipo hayo, mwishoni ikaandikwa "packing for shipment or distribution", bila mkato kabla ya "or". Ni kufungasha kwa ajili ya kusambaza, au kusambaza ni kazi ya peke yake? Madereva walisambaza, hawakufungasha. Mwaka 2017 mahakama ya rufaa iliona sheria ina utata, ikawapa haki madereva. Mwaka 2018 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 5.

Kosa letu kubwa jingine ni kuunga sentensi mbili kamili kwa mkato. "Boti imechelewa, tunasubiri" kwetu ni sawa kabisa. "The boat is late, we are waiting" mtahini ataikata. Weka nukta, au "and", au nuktamkato (;).

Na ritifaa, jamani! Kwetu ni ya sauti, ndiyo inayotenganisha ng'ombe na ngoma. Kwao, katika "it's", imeshika nafasi ya herufi iliyodondoka. Kila ukitaka kuiandika, soma kwa urefu: "it is" au "it has". Ikikataa, andika "its". Wala haitengenezi wingi. Bango la "egg's" lishusheni.

Ile barua ya marobota nimeiandika ubaoni. Kila mmoja aiandike mara mbili: kwanza ya kutoa mzigo wote, kisha ya kutoa uliokaguliwa peke yake. Nitapita nikisoma.